Heshima Isifunge Kinywa

Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha ndege cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife, nchi ya Hispania, ndege mbili kubwa, moja ya Uholanzi na moja ya Marekani, ziligongana katika njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Ukungu ulikuwa mzito, na maneno ya redio yaliingiliana yasisikike vema. Lakini kubwa zaidi ni hili: rubani mkuu wa ndege ya Uholanzi aliikimbiza iruke kabla ya kupewa ruhusa. Injinia wake aliuliza kama ile ya Marekani imekwisha kutoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Injinia akanyamaza.

Je, tumlaumu kwa kumheshimu mkubwa wake? Heshima ni wema, lakini haiwi wema ikifunga kinywa mbele ya hatari. Mdogo mwenye shaka ana wajibu wa kusema tena. Na mkubwa ana wajibu mzito zaidi wa kusikiliza. Baada ya msiba huo na mingine, marubani walianza kufundishwa hivyo.

Nasi tulio wakubwa nyumbani na kazini, tujiulize: ni nani athubutuye kutuambia kwamba tumekosea?