Mama hajasafiri



Juma hili tumemzika mwalimu wetu wa unasihi, mama wa watoto wawili: mmoja yuko darasa la tatu, mwingine hajaanza hata shule ya awali. Aliugua ghafla, na ndugu wa mbali walikuwa bado wanatafuta nauli ya kuja kumjulia hali walipopigiwa simu kwamba waje kuzika. Kwaya yake ilishindwa kuumaliza wimbo kaburini. Wanafunzi walilia wazi, hata vijana wa kidato cha nne ambao kwa kawaida hujificha wakitaka kulia. Faraja ya Mungu ipo, nami naiamini kwa moyo wote, ila leo sina haraka ya kuifikia. Kuna jambo tulilolifanya pale msibani ambalo inabidi tulizungumze.

Yule mdogo aliuliza mama yuko wapi. Akajibiwa, kwa upendo kabisa, kwamba mama amesafiri. Mtu mwingine akamwambia mama amelala. Kaka yake alipoanza kulia akaambiwa anyamaze, yeye sasa ni mwanamume, amtunze mdogo wake. Ana umri wa darasa la tatu.

Najua maneno hayo yanatoka wapi. Machozi ya mtoto yanatutisha kuliko yetu wenyewe, na tungetoa chochote ili yakauke. Lakini mtoto aliyeambiwa mama amesafiri atamngoja. Bodaboda ikisimama barabarani atakimbia kuangalia nani ameshuka. Siku zikizidi atakasirika: mbona aliondoka bila kuaga, mbona hapigi simu? Na aliyeambiwa mama amelala anaweza kuanza kukiogopa kitanda chake mwenyewe. Mtoto wa miaka minne bado hajui kwamba kifo hakina kurudi, kwa hiyo atauliza leo, atauliza kesho, atauliza na mwezi ujao. Kila mara anastahili jibu lilelile la kweli, kwa sauti ya upole: mama amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hawezi kurudi nyumbani, na si kosa lako. Hayo ya mwisho yasisahaulike kamwe. Watoto wengi hudhani kimoyomoyo kwamba wao ndio walioleta kifo, kwa sababu siku ile walikataa kula au walimjibu mama vibaya.

Haya nimeyajua kwa kumtazama marehemu akifanya kazi. Mwanafunzi wake akifiwa, alifika msibani, akawapa pole wazee, kisha akauliza watoto wako wapi. Mara nyingi walikuwa wamepelekwa kwa jirani ili wasione. Aliwafuata huko, akaketi nao chini, akakaa kimya mpaka mmoja wao aanze kusema. Hakuwa na maneno mengi. Wanafunzi waliomwita Madam wanasema ukimwendea na jambo lako alifunga daftari alilokuwa akisahihisha, akaliweka pembeni, akakutazama wewe.

Na madaftari yalikuwa mengi, maana shule zetu nyingi humpa unasihi mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake kamili, bila chumba wala muda maalumu. Yeye alizungumza na wanafunzi katika stoo ya vitabu. Mlangoni alibandika namba 116, ile ya simu ya bure kwa watoto, kwa ajili ya mtoto atakayefika akamkosa. Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi katika shule za mfumo rasmi, hakungoja wasikie redioni. Aliwafuata majumbani. Alizungumza na akina baba waliokuwa wameapa kutotoa tena hata shilingi, na akina bibi waliokuwa wakiuliza nani atabaki na mtoto mchanga. Naye nyumbani alikuwa amemwacha wa kwake anayenyonya, kwa hiyo swali la bibi hakulichukulia kijuujuu. Baadhi ya wasichana hao walikuja kuzika wakiwa na sare za shule.

Biblia haimfichi mama aliyekufa. Mwanzo 35 inasimulia jinsi Raheli alivyofariki njiani akimzaa Benyamini, karibu na Efrathi, na Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Yusufu alikuwa bado kijana mdogo. Miaka mingi baadaye, katika sura ya 48, Yakobo ni mzee, ni mgonjwa, yuko Misri, na mbele yake yupo Yusufu huyohuyo, sasa mtu mkubwa mwenye watoto wake mwenyewe. Yakobo anataka kuwabariki wajukuu. Lakini katikati ya mazungumzo anarudi kwa Raheli: alikufia wapi, safari ilikuwa imebaki umbali gani, alizikwa kwenye njia ipi. Hakudhani kwamba mwanawe amekuwa mkubwa mno kusikia habari za mama yake, wala kwamba kilio kile kilikwisha muda wake.

Ndugu zangu, tupunguze pia ule usemi kwamba Mungu amempenda zaidi. Mtu mzima anaweza kuuchambua na kubaki na imani yake. Mtoto anasikia kwamba Mungu alimtaka mama akamchukua, na usiku anajiuliza atamtaka nani tena. Bwana wetu alipofika Bethania hakuwaambia Martha na Mariamu waache kulia. Alijua kwamba muda si mrefu angemwita Lazaro atoke kaburini, na bado alilia. Mwenye hakika ya ufufuo kuliko sisi sote alilia mbele za watu. Basi watoto hawa wakilia, imani haijapungua nyumbani mwao. Tumaini letu ni kwamba Kristo amefufuka na mama yao yuko mikononi mwake. Waambieni na hilo, mkiisha kuwaambia ukweli wa kwanza.

Katika Matendo 9, Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Yeye alirudishiwa uhai. Wa kwetu tumemzika, na swali la kwa nini sina jibu lake. Lakini kuonyesha tunaweza. Wanawe walikuwa wadogo mno kujua mama yao alikuwa nani nje ya nyumba yao.

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, baba yao na shangazi yao watabaki kanisani pamoja na watoto. Kila aliyesaidiwa na marehemu aje aseme alitendewa nini, kwa maneno ambayo mtoto anaweza kuelewa. Asiyeweza kusema mbele ya watu aandike, akabidhi kwa mzee wa kanisa wa mtaa wake. Karatasi hizo shangazi atawatunzia. Vijana wa sekondari, ninyi hasa njooni. Mtoto akikatiza mazungumzo kuuliza mama atarudi lini, msibabaike wala msimnyamazishe. Mjibuni.