Herufi Moja Kati ya Tano

Mjukuu wangu anataka kusomea shahada ya uzamili ya biashara ng'ambo, na vyuo alivyoviomba vinamtaka kwanza afanye mtihani wa Kimarekani uitwao GMAT. Jioni hukaa nami barazani akanisomea maswali. Nilidhani ningemsaidia, kwa kuwa nimetunga na kusahihisha mitihani zaidi ya miaka 30. Wiki ya kwanza alinishinda vibaya.

Sehemu iliyonitoa jasho ni ile ya kupima hoja. Unapewa habari fupi yenye hitimisho, kisha swali, kisha majibu matano uchague moja. Maswali hayo huchanganywa na yale ya ufahamu, yote 23 kwa dakika 45, yaani hata dakika mbili kwa swali hazitimii. Nitatoa mfano nilioutunga mwenyewe kwa kuyafuata. Mji fulani uliweka taa katika barabara kuu. Mwaka uliofuata ajali za usiku zikapungua. Kwa hiyo taa ndizo zilizopunguza ajali. Hoja hii inategemea dhana gani? Mimi nikaanza kueleza kwamba taa za mji wetu haziwaki. Mjukuu akacheka.

"Babu, hapa tumeambiwa zinawaka. Usibishane na habari, tafuta pengo kati ya habari na hitimisho."

Akanionyesha namna ya kulipata: chukua jibu, likanushe, utazame kama hoja bado imesimama. Tuseme jibu mojawapo ni kwamba magari ya usiku hayakupungua mwaka ule. Likanushe: magari yalipungua. Hoja imeanguka, maana huenda ajali zilipungua kwa uchache wa magari tu. Basi hiyo ndiyo dhana iliyojificha.

Usiku ule nilichelewa kulala.

Mwaka 1991, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, magunia mawili ya sukari yalipotea bohari. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo alikuwa nao mwanachuo wa mwaka wa pili, kiongozi wa chakula, na kabla mwezi haujaisha alionekana na baiskeli mpya. Niliandika barua ya kumfukuza, ukurasa mmoja na nusu, nikaiona ni barua nzuri. Kila habari iliyokuwamo ilikuwa ya kweli. Lakini ilitegemea mambo mawili ambayo sikuyaandika: kwamba hapakuwa na ufunguo mwingine, na kwamba kijana hakuwa na njia nyingine ya kupata baiskeli. Yakanushe. Ufunguo wa pili ulikuwapo, katika droo ya meza yangu, na ofisi yangu nilikuwa siifungi mchana. Kuhusu baiskeli, sikumwuliza.

Nilipomsimulia rafiki yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, alinijibu, "Mwalimu mwenzangu, huenda kweli aliiba." Huenda. Katika mtihani wa mjukuu wangu neno hilo lingetosha, kwa sababu kompyuta haiulizi ulifikaje kwenye herufi uliyochagua. Aliyebahatisha na aliyefikiri hupata alama ile ile. Mimi darasani sikuwa hivyo. Mwanafunzi wa hesabu aliyeleta jibu sahihi bila kuonyesha njia nilimnyima alama, naye akilalamika nilimwambia kwamba jibu lile si lake. Sasa nijiambie nini? Kama kijana aliiba, basi nilipatia kwa bahati, na maisha ya mtu niliyaamua kwa kubahatisha. Kama hakuiba, ni afadhali nisiendelee kuandika.

Tena kuna tofauti inayonisumbua zaidi. Mtihani unakukataza kuongeza habari kutoka nje, na ni haki yake. Mimi hakuna aliyenikataza. Bweni la kijana lilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, mwendo wa dakika tatu kutoka ofisini.

Nakala ya barua ninayo mpaka leo. Juzi nilimpa mjukuu aisome kama zoezi, nikiwa nimeikunja sehemu ya chini yenye sahihi. Aliisoma mara moja, akachukua penseli, akapigia mstari maneno "ni dhahiri kwamba". Kisha akauliza kama majibu matano yako nyuma ya karatasi.