Nenda, Nitakufuata

Je, ni kosa kumwacha nyuma mtu anayeshindwa kutembea? Swali hili nimelibeba tangu nikiwa na miaka saba, na mwaka jana mvua ilinirudisha kwalo.

Wakenya wa Kiryandongo mnaijua hadithi yetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu walivuka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengi tulikaa kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuletwa huku. Sisi tulivukia Busia, Januari 2008, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno. Tulikuwa mama, mimi, mdogo wangu mgongoni, na mzee jirani yetu mwenye mguu mbaya. Njiani mzee akaketi chini ya mwembe, akasema, "Nendeni, nitawafuata." Tukaenda. Kule Mulanda mama alimtafuta hema kwa hema. Hatukumwona tena.

Mwaka jana nilimwomba rafiki yangu, kijana wa Sudan Kusini ninayefanya naye kazi ya vijana, tutembee kutoka Busia hadi Tororo. Siku moja, kwa miguu, hakuna kupanda kitu. Akacheka: "Ndugu yangu, kutembea si nilimaliza nikiwa mtoto?" Lakini alikuja.

Mvua ilianza kabla hatujatoka mjini. Busia ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, enzi watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, kwa hiyo unajua tulivyosumbuliwa. "Twende?" kila dakika. Tukakataa. Tukashika njia za ndani, udongo ukiganda kwenye viatu mpaka kila mguu ukawa mzito kama jembe. Jiwe la Tororo, ambalo siku ya jua huonekana kutoka mbali, lilikuwa limemezwa na wingu.

Mchana niliteleza mtaroni, kifundo cha mguu kikateguka. Nikajaribu hatua tatu, nikakaa chini. Rafiki yangu aliporudi nikamwambia, bila hata kufikiri, "Wewe enda, nitakufuata."

Nilisikia sauti ya yule mzee ikitoka mdomoni mwangu. Na hapo nikaelewa kitu: sikuwa na uwezo wa kumfuata, na nilijua. Nilikuwa nampa ruhusa tu ya kuniacha.

Akakaa kwenye tope, hapo kando yangu. "Hata kwetu watu walisema hivyo," akasema. "Hakuna aliyefuata."

Ndipo nikamweleza habari ya mzee, mara ya kwanza kumwambia mtu. Nikamuuliza kama mama alikosea. Alinyamaza kidogo. "Mama yako alikuwa anakimbizwa, na mtoto mgongoni. Mimi leo nani ananikimbiza? Mvua?"

Kisha akasimamisha bodaboda, tukapanda sote wawili nyuma ya dereva. Safari yetu ya miguu ikaishia hapo.

Nimewaza sana tangu siku ile. Simhukumu mama kwa kipimo cha mtu asiyekimbizwa. Lakini sikubali pia kwamba yale yamekwisha. Ruhusa ya mzee haikufuta deni. Deni limebaki, na anayepaswa kulilipa ni yeyote kati yetu ambaye leo ana nafasi ya kungoja.

Hapa kambini wako wengi wanaotuambia "nendeni tu". Bibi anayechoka kwenye foleni ya chakula akarudi nyumbani mikono mitupu. Kijana aliyeshindwa mtihani mara mbili akaacha kuja kwenye mafunzo. Mama asiyejua lugha ya ofisini. Tunawaamini haraka kwa sababu maneno yao yanaturahisishia kazi. Wenzangu wa kazi ya vijana, na ninyi mnaokuja na magari ya mashirika, tujiulize: nani anatukimbiza? Mara nyingi ni ratiba tu, au ripoti ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni mvua. Haiui.

Jioni, nikiwa Tororo, wingu likiwa limepanda na jiwe limesimama wazi, nilimpigia mama simu nikamsimulia yote, hata maneno niliyoyasema mtaroni. Akakaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika.

"Alikungoja?" akauliza.

"Aliningoja, mama."

"Basi mwambie asante. Mwambie imetoka kwangu."