Kilele Ambacho Hakuna Aliyekiona



Msimu wa baridi hapa Arusha, Mlima Meru unaweza kujifunika mawingu siku nzima, na kwenye vikao vyetu hakosekani mtu wa kusema imani ni hivyo hivyo: huuoni, ila upo. Sawa. Lakini huo mlima si tuliuona wiki iliyopita? Mimi nawawaza wanaopanda mlima ambao kilele chake hakuna aliyewahi kukiona.

Wapo. Ni wanafizikia wa nadharia. Baadhi yao wanasema chembe zote za ulimwengu, kwa undani kabisa, ni nyuzi ndogo mno zinazotetema. Wengine wanashughulika na supasimetria: kwamba kila aina ya chembe tunayoijua ina pacha wake. Mwaka 1974 Abdus Salam wa Pakistan na mwenzake John Strathdee waliitengenezea lugha ya kihesabu inayotumika hadi leo. Salam alikuwa Mwislamu mcha Mungu. Nobel ya 1979 aliipata kwa kazi nyingine. (Ninyi wa PCM: kituo alichoanzisha Trieste, Italia, mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini, tangu 2018 kina taasisi dada hapo Kigali.)

Mtambo wa CERN, mduara wa kilomita 27 chini ya ardhi karibu na Geneva, uliwashwa 2008. Mwaka 2012 chembe ya Higgs ikapatikana. Pacha? Hata mmoja hajaonekana. Aliyeanza kazi hii kijana sasa ni babu.

Kinachonigusa ni kwamba hawafichi. Wanaandika wazi: tumetafuta hapa, hatukuona. Sisi je? Mwenzetu anaomba ajira mwaka wa tatu, akifika jumuiya tunamwambia "shukuru tu", na ushuhuda tunampa aliyejibiwa. Wakati Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu mpaka lini, na Kanisa linazisali kila siku!

Tofauti ipo, tusichanganye. Supasimetria inaweza kuwa si kweli, na mwanafizikia mwaminifu atakubali. Mimi ninayemsubiri ana jina, na alishawahi kulia kaburini kwa rafiki yake.

Mama yangu anaumwa mwaka wa sita. Nimeomba, sijaona. Alhamisi kwenye kuabudu Ekaristi nitamwambia Yesu hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, halafu nitaomba tena.