Ukuaji wa Uchumi na Haki ya Hewa Safi

Uchumi haukui bila nishati, na kwa zaidi ya miaka 100 sehemu kubwa ya nishati hiyo imepatikana kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Moto huo hutoa masizi, dioksidi ya salfa na chembechembe zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Hadi hapo suala ni la kemia. Linakuwa la kimaadili kwa sababu anayefaidi moto na anayevuta moshi wake mara nyingi ni watu tofauti.

Wanasheria wa kale walilijua jambo hili. Sheria za Justinian, za mwaka 533, ziliihesabu hewa kuwa ya watu wote, sawa na bahari. Mishna ya Wayahudi iliagiza ngozi zitengenezwe umbali wa dhiraa 50 kutoka mjini, tena upande wa mashariki tu. Mafakihi wa Kiislamu, wakiongozwa na hadithi inayokataza kudhuru na kudhuriana, walijadili moshi wa matanuri na hamamu unaoingia nyumba za jirani. Lakini katika mifano yote hiyo mwenye moshi anajulikana na anaweza kushtakiwa. Mji wa viwanda una dohani zisizohesabika, na hakuna awezaye kusema moshi huu ni wa nani.

London iliona matokeo yake tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952. Hewa baridi ilinaswa chini ya hewa yenye joto, upepo ukatulia, na moshi wa makaa ukarundikana mitaani. Makaa bora yalikuwa yakiuzwa nje kutafuta fedha za kigeni. Wakazi walichoma yale duni. Vifo vilikadiriwa wakati huo kufikia 4,000, na watafiti wa baadaye wakataja hadi 12,000.

Mwaka 1991 wanauchumi Gene Grossman na Alan Krueger walionyesha kwamba baadhi ya vichafuzi, hasa dioksidi ya salfa, huongezeka nchi maskini inapoanza kukua, kisha hupungua ikishatajirika. Wengi waliyapokea matokeo hayo kama ruhusa: chafua kwanza, utasafisha baadaye. Ruhusa hiyo haimo ndani yake. Hewa ya London haikusafishwa na utajiri peke yake. Ilihitaji Sheria ya Hewa Safi ya 1956, iliyoweka maeneo ya kudhibiti moshi na ruzuku za kubadilisha meko. Tena sehemu ya salfa ilihama tu: dohani ndefu za mitambo ya umeme ziliipeleka hadi Skandinavia, ikatia asidi maziwa ya huko.

Watetezi wa ukuaji wana jibu zito: uchumi huohuo ulileta hospitali, chakula na maisha marefu, kwa hiyo jumla ya faida inashinda hasara. Mwaka 1939 Nicholas Kaldor na John Hicks waliinoa hoja hiyo kwa kusema kwamba mabadiliko yanafaa ikiwa waliofaidika wangeweza kuwafidia walioumia. Kasoro imo katika neno "wangeweza". Fidia isiyolipwa haimfikii mtu, na aliyekufa mwaka 1952 hakuna namna ya kumfidia kwa hewa safi ya wajukuu.

Hata hivyo, kuulaani ukuaji kungekuwa kuwasahau wanaopikia kuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Hapa umaskini ndio unaochafua, na kipato kinachoongezeka kinaweza kusafisha hewa ya jikoni. Swali la haki linaingia hadi ndani ya nyumba: chakula huliwa na wote, lakini moshi huvutwa zaidi na mama na watoto walio karibu naye. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kikwazo kikubwa ni namna ya kulipa: mkaa hununuliwa kwa kopo, kila siku kadiri ya fedha iliyopo, ilhali mtungi wa gesi hudai fedha ya mkupuo.