Mnacheka Nini?

Siku moja jioni, ndani ya pantoni ya kwenda Kigamboni, mimi na mshikaji wangu tulikuwa tunapekua gazeti la vibonzo. Tukakuta mchoro wa mama muuza vitumbua: mnene kama gunia, mdomo wazi, anamlilia mgambo asimchukulie ndoo yake. Tukacheka mpaka machozi. Mama mmoja aliyekaa karibu yetu, ndoo tupu mapajani, akauliza, "Mnacheka nini, wanangu? Na mimi nicheke."

"Hamna kitu, mama." Nikalikunja gazeti. Tangu siku hiyo najiuliza: nani ana haki ya kumcheka nani?

Ndugu msomaji, swali hili si geni. Ufaransa alikuwepo mchoraji Honoré Daumier, aliyechora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe, kisha jiwe likachapa nakala za magazeti. Mwaka 1832 alitupwa jela kwa kumchora mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza kodi za wananchi. Mwaka 1835 ikaja sheria: hakuna kuchapa mchoro bila kibali cha serikali. Basi Daumier akageukia maisha ya kila siku: mwenye nyumba na mpangaji, wakili na mteja, abiria aliyebanwa kati ya mlevi na muuza nyama ndani ya basi la farasi.

Mlango wa juu ukifungwa, kicheko hutafuta mlango wa chini. Hata kwetu, Chakubanga wa Christian Gregory alitoka katika Uhuru, gazeti la chama, na vituko vilikuwa vya mtu wa kawaida.

Je, ni dhambi? Wapo watakaosema mnyonge asichekwe kabisa. Mimi nakataa. Mnyonge naye ana uroho wake, uongo wake na maringo yake, na kumnyima kuchekwa ni kumwona si mtu kamili. Wakili wa Daumier anayejivuna wakati mteja wake kashindwa kesi, hata mteja angemcheka.

Lakini Daumier huyo huyo, mwaka 1844, alichora wanawake waandishi. Mmoja kazama katika kuandika, mtoto wake kazama katika beseni la kuogea. Hapo kicheko hakimwonyeshi mtu alivyo. Kinamwambia, rudi mahali pako. Hiyo ndiyo tofauti.

Nyumbani nililifungua tena lile gazeti. Safari hii nilimtazama mgambo. Alikuwa kachorwa pembeni, mdogo, hana hata sura. Mnyang'anywaji kachorwa kwa kila mkunjo wa mwili wake. Mnyang'anyi kaachwa mkono tu. Nasi tulimcheka nani? Yule anayelia.

Kwa hiyo sikulikunja kwa adabu. Nililikunja kwa sababu nilijua. Kicheko halali ni kile unachoweza kumpa jirani yako gazeti ashike mwenyewe, aangalie, na wewe ukabaki umekaa pale pale ukimtazama usoni.

Pantoni ilipogonga ng'ambo, yule mama alijitwika ndoo yake akashuka. Hakupata jibu. Jibu ndilo hili, ila nimechelewa.