Kinywa na Kimya cha Mchoraji

Yako maneno ya kinywa, na yako maneno ya kimya. Leo twataka kuuliza: Je, mtu anyamazaye juu ya ubaya aujuao, amesema uwongo?

Swali hili lilitujia tulipozitazama kitabuni picha za marehemu Bwana Sam Joseph Ntiro. Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma uchoraji Makerere, kisha katika Shule ya Slade huko London, akarudi Makerere kuwafundisha wengine. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, alipelekwa London kuwa balozi. Alifariki mwaka 1993. Basi huyu alikuwa mtu wa kinywa, maana kazi ya balozi ni kusema kwa ajili ya watu wake.

Lakini katika picha zake twaona watu wakilima, wakichuma kahawa, wakienda sokoni. Moja ya mwaka 1956, iliyomo katika jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa huko New York tangu 1960, yaonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Aliichora Waingereza wakitawala bado, lakini mtawala hayumo, mtoza kodi hayumo, wala ugomvi haumo.

Mwenzetu mmoja alisema, "Ameficha." Nasi tulikaribia kukubali. Lakini sisi twakaa Dumila, kwenye njia panda ya Kilosa, na katika mabonde haya mkulima na mfugaji wanagombea ardhi na maji. Mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wilayani mwetu, damu ilimwagika. Mtoto wetu akichora leo ng'ombe wanywao maji kando ya mahindi, wala hakuna aliyeshika mkuki, je, ametudanganya?

Sisi twaona kwamba inafaa kuuliza kwanza, kimya hicho chamlinda nani? Akichora hivyo ili wageni watusifu na mjane asiulizwe habari zake, amesema uwongo kwa rangi. Lakini akichora ili tuone tulivyopasa kukaa, nasi tukaona haya, kimya chake chatukemea kuliko kelele. Tena Bwana Ntiro hakunyamaza kila mahali. Picha zilikuwa na kazi yake, na kinywa kilikuwa na kazi yake.

Hapo ndipo tulipojihukumu wenyewe. Siku moja barazani tuliulizwa ng'ombe walioharibu shamba la mama mmoja waliingia kwa njia gani. Sisi tulikuwa tumeona. Tukainama, tukatazama viatu vyetu, na yule mama akaenda zake bila fidia. Kimya kile hakikumlinda mtu ila sisi.

Basi, msomaji, usimlaumu mchoraji kabla hujapima kimya chako mwenyewe. Nasi baraza likiitwa tena, na tusimame tuseme tulichokiona.